Senti za Wavulana wa Bristol

Saikolojia ya jamii, yaani elimu inayochunguza namna mtu anavyofikiri na kutenda kwa sababu ya kuwapo kwa watu wengine, ina swali moja ambalo ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa: ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kumfanya mtu ampendelee wa kwao na kumpunja asiye wa kwao? Majibu yaliyozoeleka hutaja mambo mazito, kama ardhi na malisho yanayogombewa, dini, damu iliyomwagika zamani na kisasi kilichorithishwa, na majibu hayo hayakosi ukweli, kwa kuwa magomvi mengi makubwa ya dunia yana mizizi huko. Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyezaliwa Poland na kufanya kazi yake ya kitaaluma nchini Uingereza, alionyesha kwamba kinachotosha ni kidogo kuliko vyote hivyo. Kwamba kabla ya ardhi na kabla ya damu upo mstari, na mstari huo, hata ukichorwa na mgeni kwa sababu isiyo na maana yoyote, huanza kufanya kazi kabla wino wake haujakauka.

Tajfel alizaliwa tarehe 22 Juni 1919 katika mji wa Włocławek, katika familia ya Kiyahudi. Kwa kuwa vyuo vikuu vya Poland ya wakati huo viliwawekea Wayahudi vizuizi vya kujiunga, kijana huyo alikwenda Ufaransa kusoma kemia, na vita vilipozuka akaingia katika jeshi la nchi hiyo, akatekwa na Wajerumani mwaka 1940, akaishi katika kambi za wafungwa wa kivita mpaka vita vilipokwisha. Kambini hakuficha kwamba ni Myahudi. Alichoficha ni kwamba ni Myahudi wa Poland. Tofauti hiyo, ambayo kwa msomaji wa leo yaweza kuonekana kama jambo la karatasi tu, ndiyo iliyobeba uhai wake, kwa maana askari wa Ufaransa, hata akiwa Myahudi, alikuwa na kinga fulani ya sare na ya mikataba ya wafungwa wa vita, ilhali Myahudi wa Poland hakuwa na kinga yoyote. Mlinzi wa kambi angeweza kumzoea, akazungumza naye, hata akamwonea huruma kama mtu, na bado siku ambayo siri ingefichuka, mazoea hayo yasingemsaidia kitu, kwani hatima yake ingeamuliwa na fungu aliloandikwa ndani yake. Aliporudi uraiani alikuta karibu ndugu zake wote wameuawa.

Miaka iliyofuata aliitumia katika mashirika ya misaada, akihudumia watoto wa Kiyahudi waliobaki bila wazazi na wakimbizi waliotawanyika Ulaya, na ni baada ya kazi hiyo, akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 30, ndipo alipoanza masomo ya saikolojia katika Chuo cha Birkbeck jijini London. Alihitimu mwaka 1954, akafundisha Oxford, na mwaka 1967 akapewa kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Bristol. Ufadhili uliomwezesha kusoma aliupata kwa sehemu kutokana na insha aliyoandika juu ya mada ya chuki dhidi ya makundi, mada ambayo wenziwe wa darasani waliijua kwa kusoma na yeye aliijua kwa namna nyingine. Hata hivyo, hakuianza kazi yake na chuki, na hapo ndipo inapoonekana subira ya mtafiti huyu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kupiga kelele na akachagua kupima.

Alianza na sarafu. Mwaka 1947 nchini Marekani, Jerome Bruner na Cecile Goodman walikuwa wamechapisha utafiti uliowataka watoto wakadirie ukubwa wa sarafu kwa kurekebisha duara la mwanga, na wakakuta kwamba watoto huziona sarafu kuwa kubwa kuliko zilivyo, watoto maskini zaidi kuliko watoto wenye uwezo. Wengi waliridhika na maelezo kwamba thamani ya kitu hukikuza machoni pa anayekitamani. Tajfel aliona kwamba maelezo hayo yameacha jambo muhimu, kwa kuwa sarafu haionwi peke yake bali huonwa ndani ya safu ya sarafu nyingine, ambamo kubwa kwa kawaida ndiyo yenye thamani zaidi, na kinachokuzwa na jicho ni tofauti iliyopo kati ya sarafu na sarafu. Akilini mwa mtu, thamani haikai juu ya kitu kama rangi inavyokaa ukutani. Hukaa katika nafasi iliyo kati ya kitu na kitu.

Kutoka hapo alifika kwenye jaribio ambalo halikumhusu mtu yeyote, wala kabila, wala dini. Mwaka 1963 yeye na A. L. Wilkes walichapisha matokeo ya kuwaonyesha watu mistari minane yenye urefu uliopanda kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine, wakiwataka wakadirie urefu wa kila mstari. Kwa baadhi ya washiriki, mistari minne mifupi ilibandikwa herufi A na minne mirefu herufi B, na kwa wengine herufi hazikuwapo au ziligawiwa bila mpango. Waliopewa herufi zenye mpango waliikuza tofauti iliyopo mpakani, kati ya mstari mrefu kuliko yote ya A na mfupi kuliko yote ya B, kana kwamba hapo pameingia ufa ambao rula haiuoni. Jaribio hili ni kavu, na huenda ndiyo sababu halisimuliwi sana nje ya madarasa, lakini uzito wake ni mkubwa: herufi mbili, zisizo na sifa wala tusi ndani yake, zilitosha kuyafanya macho yaliyo timamu yaone vibaya. Katika makala ya mwaka 1969 Tajfel alilivusha wazo hilo kutoka kwa mistari hadi kwa watu, akieleza kwamba fikra mgando, yaani picha moja iliyokazwa ambayo watu hupachikwa wote kwa pamoja kwa kuwa ni wa kundi fulani, haihitaji akili mgonjwa ili izaliwe. Huzaliwa na kazi ileile ya kawaida ya kuyapanga mambo katika mafungu, ambayo bila hiyo mtu asingeweza hata kununua mboga sokoni.

Dai hilo lilikuwa zito kwa zama zake. Baada ya vita, wasomi wengi walitafuta chanzo cha mauaji ya Wayahudi katika haiba za wauaji, wakidhani kwamba malezi makali hutoa watu wa aina fulani, wapenda mabavu na wachukia wageni. Tajfel hakukubali kwamba jambo lililofanywa na mamilioni ya watu wa kila tabia laweza kuelezwa kwa ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Mtu aliyekaa miaka mitano akilindwa na askari wa kawaida, wenye wake na watoto nyumbani, alikuwa na haki ya kuyatilia shaka maelezo hayo.

Jaribio lililoleta jina lake katika kila kitabu cha saikolojia lilifanyiwa Bristol na kuchapishwa mwaka 1970, kisha kwa urefu zaidi mwaka 1971 pamoja na Michael Billig, R. P. Bundy na Claude Flament. Washiriki wa awali walikuwa wavulana 64 wenye umri wa miaka 14 na 15, kutoka shule moja ya viungani mwa jiji, waliofika maabara katika vikundi vya watu wanane wanaofahamiana. Walionyeshwa nukta nyingi ukutani kwa muda mfupi sana, wakakadiria idadi yake, kisha wakaambiwa kwamba wako watu ambao kwa kawaida huzidisha hesabu na wako ambao huipunguza, na kwamba kwa urahisi wa kazi watagawanywa hivyo. Katika jaribio la pili, lenye wavulana 48, nukta ziliachwa na badala yake wakaonyeshwa picha za wachoraji wawili wa kigeni, Paul Klee na Wassily Kandinsky, kila mmoja akaambiwa baadaye amempenda yupi. Yote mawili hayakuwa kweli, kwa sababu mgawanyo ulifanywa kwa bahati nasibu. Kila mvulana aliambiwa faraghani yuko fungu gani, akaingizwa katika kibanda chake peke yake, asijue nani mwingine yuko naye wala nani yuko upande wa pili.

Ndipo akapewa kijitabu chenye majedwali. Kila jedwali lilikuwa na safu mbili za namba, ya juu kwa mtu mmoja na ya chini kwa mwingine, watu wasiotajwa kwa jina bali kwa namba na kwa fungu lao, na kila alama ilikuwa na thamani ya sehemu moja ya kumi ya peni. Mvulana hakuweza kujigawia mwenyewe chochote. Katika moja ya majedwali hayo safu ya juu ilianza na 7 na kupanda moja moja hadi 19, na safu ya chini ilianza na 1 na kupanda mbili mbili hadi 25, na alichotakiwa kufanya ni kuchagua kisanduku kimoja chenye namba zake mbili. Inafaa msomaji asimame hapo kidogo na ajiweke katika kibanda kile. Akichagua kisanduku cha mwisho, mtu wa fungu lake anapata 19, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote anazoweza kumpatia, na yule wa fungu la pili anapata 25, jumla ya alama 44 zinazotoka mfukoni mwa watafiti. Akichagua cha katikati, kila mmoja anapata 13. Akichagua cha kwanza, wa kwake anapata 7 tu, lakini yule mwingine anaambulia 1.

Usawa haukutoweka katika vibanda vile, na wanaolisimulia jaribio hili kwa haraka hulisahau jambo hilo. Wavulana wengi walivutwa na haki, na chaguo zao nyingi zilikuwa suluhu kati ya kugawa sawa na kupendelea. Hata hivyo, mahali ambapo wa kundi lao alikutanishwa na wa kundi jingine, mkono ulielemea upande mmoja, na kilichowashangaza watafiti wenyewe ni kwamba haukuelemea pale ambapo wa kwao angepata nyingi zaidi. Uliondoka kwenye 19 na 25 ukasogea kuelekea 12 na 11, na wakati mwingine zaidi ya hapo, yaani mvulana alikubali kumpunguzia mwenzake wa fungu moja alama kadhaa ili mradi tu awe mbele ya yule mwingine. Hakukuwa na faida kwake binafsi, hakukuwa na ugomvi uliotangulia, na mchana wote wangerudi darasani wakiwa marafiki walewale. Tajfel aliuita mgawanyo wa namna hii kundi la kiwango cha chini kabisa, kwa maana ya kundi lililovuliwa kila kitu isipokuwa jina, na mwaka 1973 yeye na Billig waliuvua hata kisingizio cha picha, wakawagawa wavulana mbele ya macho yao wenyewe kwa kura ya wazi, na upendeleo ukabaki.

Inaelekea kwamba wapo watakaoiona hesabu hii ya senti kuwa ndogo mno kuelezea mauaji, na kwa kweli haielezi mauaji. Inachoeleza ni kile kisanduku cha 12 na 11, na yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya kugawa nafasi za kazi, viwanja au mikopo anakijua kisanduku hicho vizuri kuliko profesa yeyote. Hakuna chuki ndani yake, hakuna neno baya linalosemwa, na kila mmoja ana dhamiri safi. Ni alama moja tu.

Maelezo ya kinadharia yalikuja baadaye, na mengi yalitokana na ushirikiano wa Tajfel na mwanafunzi wake John Turner, ambao mwaka 1979 walichapisha kwa pamoja sura iliyokuwa msingi wa nadharia ya utambulisho wa kijamii. Utambulisho wa kijamii, katika lugha yao, ni ile sehemu ya mtu kujijua ambayo huipata kutokana na kujua kwamba yeye ni wa kundi fulani, pamoja na thamani na hisia anazoziambatanisha na kuwa wa kundi hilo. Kwa kuwa kila mtu hupenda kujiona kuwa na thamani, na kwa kuwa thamani ya kundi haijulikani ila kwa kulinganishwa na kundi jingine, wanakundi huitafuta tofauti inayowapendeza, na mvulana wa Bristol, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kulipa thamani fungu lake jipya, aliitafuta kwa senti alizokabidhiwa. Swali kubwa zaidi la nadharia hiyo, ambalo vitabu vya darasani huligusa kwa haraka, ni la wale walioko upande wa chini: mtu afanyeje anapokuta kwamba kundi lake limekwisha kupangiwa nafasi ya mwisho? Jibu lilikuwa kwamba akiona mpaka unapitika atajaribu kuuvuka peke yake, na akiona haupitiki na nafasi haibadiliki, atabadili maana ya jina au kipimo chenyewe, na akiona kwamba mpango mzima si wa haki na waweza kupinduliwa, atasimama na wenziwe kuupinga.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maabara ili kuyaona hayo. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa na wazao wao walianza kuvuka mpaka mmoja baada ya mwingine, kwa mavazi kwanza, wanawake wakiacha kaniki na kujifunga kanga, kisha kujitanda buibui lililokuwa alama ya wanawake wa tabaka la juu, halafu kwa jina. Katika sensa ya mwaka 1924 watu wengi visiwani walijiandikisha kuwa Waswahili. Katika ile ya mwaka 1931 idadi ya waliojiita hivyo ilikuwa imeporomoka vibaya mno, si kwa sababu watu walikufa au walihama, bali kwa sababu jina lilikuwa limeshikamana na kumbukumbu ya utumwa, na watu walihamia majina mengine yaliyokuwa na heshima zaidi na haki zaidi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa watu kuuvuka mstari kwa kubadili jina linaloandikwa na karani.

Mfano wa pili uko Dar es Salaam, ambako tawala za kikoloni ziliugawa mji kwa rangi za watu, na ugawaji huo ukaacha maneno matatu ambayo bado yanatumika: uzunguni, uhindini na uswahilini. Sheria zilizochora maeneo hayo zimekwisha kufa, lakini neno uswahilini liliendelea kubeba dharau, likimaanisha makelele, msongamano na mambo yasiyo na mpango, kiasi kwamba mtu aliyepata fedha alihesabiwa kuwa amefanikiwa siku alipohama. Vijana waliobaki, wasio na njia ya kuhama na wasiotaka kuona aibu, walifanya kile ambacho nadharia hukiita ubunifu wa kijamii, yaani kukipa kilichodharauliwa thamani mpya, na muziki wa singeli, uliozaliwa katika mitaa hiyohiyo, ukaifanya kasi na kelele zake kuwa jambo la kujivunia. Kama Tajfel angeisikia singeli, bila shaka angeitambua mara moja.

Zipo sababu za kuyasoma haya yote kwa tahadhari, na ya kwanza ilitolewa na Tajfel mwenyewe, ambaye mwaka 1972 aliandika kuwalaumu wenziwe kwa kufanya majaribio katika utupu, wakisahau kwamba mtu anayeingia maabara huja na jamii yake yote nyuma yake. Mstari mtupu hutosha kuzaa upendeleo, lakini mstari gani utakuwa na nguvu katika nchi fulani, na nguvu kiasi gani, ni jambo la historia na siasa. Daniel Posner alilionyesha hilo vizuri mwaka 2004 kwa kuwalinganisha Wachewa na Watumbuka wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia, watu wa lugha zilezile na mila zilezile, ambao Malawi hutazamana kama wapinzani na Zambia kama washirika, kwa kuwa Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kuwa mtaji wa kisiasa, na Zambia yote mawili ni madogo mbele ya makundi makubwa zaidi. Tofauti za kitamaduni ni zilezile, na uadui upo upande mmoja tu wa mpaka.

Mstari unapoandikwa na dola jambo hugeuka kabisa. Utawala wa Ubelgiji ulipoanza, katika miaka ya 1930, kuandika katika vitambulisho vya Wanyarwanda kwamba huyu ni Mhutu, huyu ni Mtutsi na huyu ni Mtwa, ulikigandisha kitu ambacho hapo kabla kilikuwa na mapito, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo ndivyo vilivyodaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kati ya alama moja ya Bristol na kizuizi cha Kigali kuna umbali mkubwa, uliojazwa na watawala, redio, silaha na miaka mingi ya kufundishwa kuogopa, na kudai kwamba jaribio la wavulana linaelezea umbali huo wote ni kuwakosea heshima waliouawa. Lakini kijana aliyetekwa mwaka 1940 angekielewa kile kizuizi bila kuelezwa: karatasi mkononi mwa askari, na kila kitu kingine ambacho mtu amekuwa maishani mwake kimewekwa kando.

Haifai pia kuyaandika maisha haya kama maisha ya walii. Mwaka 2019 chama cha Ulaya cha wanasaikolojia wa jamii, ambacho Tajfel alikuwa mmoja wa waliokijenga, kililiondoa jina lake kwenye tuzo yake kubwa kutokana na ushuhuda wa wanawake waliosoma au kufanya kazi karibu naye kwamba alikuwa na mwenendo wa kuwasumbua kingono, na wasifu wake ulioandikwa na Rupert Brown na kutolewa mwaka 2020 haukulikwepa jambo hilo. Ni rahisi kusema kwamba kazi ni kazi na mtu ni mtu. Ugumu ni kwamba kazi yenyewe inahusu watu wanaonyimwa kuonekana kama watu kwa sababu ya upande waliowekwa, na wanawake wale, ambao baadhi yao huenda wangekuwa na maabara zao wenyewe na maswali yao wenyewe, waliishi upande fulani wa mstari ambao mtaalamu wa mistari hakutaka kuuona. Hasara hiyo ya elimu haiwezi kupimwa, na wavulana 64, bila msichana hata mmoja, wanaikumbusha kwa namna yao.

Jambo ambalo jaribio la Bristol halikuweza kulijibu, yaani kama kuwapenda walio ndani ni lazima kuende pamoja na kuwachukia walio nje, lilikuwa limekwisha kuulizwa Afrika Mashariki. Mwaka 1965 ulifanywa utafiti mkubwa wa mahojiano katika makabila 30, kumi Kenya, kumi Uganda na kumi Tanzania, watu 50 katika kila kabila, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1976 katika kitabu cha Marilynn Brewer na Donald Campbell. Watu waliulizwa wanayaonaje makabila mengine, wangekubali ujirani au ndoa nayo au la, na ni lipi wanaliona kuwa la amani, la werevu au la uaminifu. Kama ilivyotarajiwa, karibu kila kabila lilijisifu kuliko lilivyowasifu wengine. Lakini mapenzi kwa wa kwao hayakwenda sambamba na kuwakataa wengine, kwa maana waliojipenda zaidi hawakuwa ndio waliochukia zaidi, na umbali kati ya kabila na kabila ulifuata mambo mengine, kama kufanana kwa utamaduni na kujuana. Brewer alilibeba jambo hilo katika maandishi yake ya miaka mingi iliyofuata, akisisitiza kwamba upendo kwa walio ndani na chuki kwa walio nje ni vitu viwili, kila kimoja na chanzo chake, na kwamba ubaguzi mwingi ulioko duniani ni wa aina ya kwanza: watu kutendewa wema mdogo kuliko wengine.

Kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, matokeo hayo yana mwangwi wa karibu. Vitabu vya taaluma hii huzungumza daima juu ya sisi na wao, kana kwamba hakuna nafasi ya tatu, ilhali Kiswahili kina neno wenzetu, ambalo kwa asili humtaja aliye pamoja na msemaji, na ambalo watu hulitumia kila siku kumtaja asiye pamoja naye: wenzetu wa bara, wenzetu wa dini ile, wenzetu Wachina. Neno hilo halifuti mpaka. Linaukiri kabisa, kwa kuwa hakuna anayemwita ndugu wa nyumba moja mwenzetu wa namna hiyo. Hata hivyo linamweka yule wa ng'ambo ndani ya kiambishi cha umiliki, akawa wetu kwa sarufi hata kabla hajawa wetu kwa jambo lolote jingine. Lugha haiwezi kuzuia panga, na walioshika mapanga katika historia ya eneo hili wamewahi kuzungumza Kiswahili fasaha. Lakini neno hilo linathibitisha kwamba akili ya binadamu inaweza kuushika mstari mkononi bila kuhitaji alama ya kumi na mbili dhidi ya kumi na moja.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hilo ni utani, uhusiano wa makabila yaliyokubaliana kutaniana, kama Wanyamwezi na Wazaramo, ambao walikutana kwa vizazi vingi katika misafara ya kwenda na kurudi pwani. Wanaanthropolojia wameuandikia utani tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini saikolojia ya makundi haijautazama kwa umakini unaoustahili, ingawa ndani yake mna kila kitu ambacho Tajfel alikiondoa maabara: historia, majina, kumbukumbu ya kugombana na mpaka unaotangazwa kwa sauti. Msibani mtani huja akiwa mtu wa nje, na kwa sababu ni wa nje ndipo hupewa kazi ambazo wafiwa huelemewa nazo, akashughulikia kaburi, akaamuru watu, akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa. Jeneza linapokaribia hujilaza njiani, au hushuka akalala kaburini, akasema hapa hapaziki mtu mpaka alipwe chake, na kwamba kabila hili hata kufa halijui. Wafiwa, machozi yakiwa bado usoni, huanza kucheka, mmoja akapapasa mfukoni, mwingine akafungua fundo la kanga, na sarafu chache zikapita kutoka upande huu wa kaburi kwenda upande ule. Mtani huzihesabu, huzilalamikia kuwa ni kidogo, kisha hutoka na kushika sepetu.